Korongo wa Kwanza wa Kaloyan

Stamen Vachev ni mtu mwema. Hilo tuliweke wazi mapema, kwa sababu kabla hatujafika mbali msomaji atatamani kumkamata mabega amtikise. Ni fundi wa lifti mjini Haskovo. Watu wakikwama kati ya ghorofa ya tano na ya sita, yeye ndiye anayepigiwa simu, na anajua kuwatuliza: hapandishi sauti, wala hawaulizi kwa nini wamejazana wanane mahali pa wanne. Kasoro yake ni moja tu. Akiona jambo zito linamjia, ananyamaza kimya, akitumaini litapita bila kumwona. Mkewe Desislava aliuvumilia ukimya huo miaka kumi na miwili, kisha akachoka. Waliachana bila kelele, na hapo pia aliyekaa kimya ni Stamen.

Jumamosi ile ya mwisho wa Machi, alipokwenda kuwachukua watoto, Desislava alimpokea mlangoni, koti tayari mwilini, maana alikuwa anawahi zamu yake hospitalini.

"Jumatatu saa tatu asubuhi, kwa wakili," alimwambia. "Usije ukaniambia umesahau."

"Sijasahau."

"Bila saini yako siwavushi mpaka, unajua. Kazi ya Kassel inaanza baada ya Pasaka, na shule wameshawapokea. Kama una neno, liseme leo, Stamen. Usinisubirishe ukaja kulisema mbele ya watu."

Stamen alikuwa na neno. Alikuwa nalo tangu Januari, siku alipoambiwa habari za kazi hiyo ya Ujerumani, na neno lenyewe lilikuwa "hapana". Kila jioni aliporudi kwenye chumba chake kimoja alilisema peke yake, mbele ya sufuria, kwa sauti ya mwanamume kamili. Sasa alimtazama mama wa watoto wake.

"Wamekunywa chai?" aliuliza.

Desislava alitikisa kichwa, akashuka zake.

Ukweli ni kwamba Stamen alishakwenda kuuliza kwa mwanasheria mmoja, na huyo hakumficha. Kukataa unaweza, alimwambia. Mama atakwenda mahakamani, na hakimu atakuuliza watoto watalala na nani ukiitwa kwenye lifti usiku wa manane. Utajibu nini? Alichobaki nacho Stamen ni siku hizi mbili, na tumaini moja la kijinga: kwamba akiwatembeza watoto vizuri, wakafurahi sana, wenyewe watasema hawaendi popote. Kuwauliza asingethubutu. Angewafurahisha tu, na kungoja.

Basi aliwapeleka kuvua samaki. Yoana, mwenye miaka kumi na moja, alikaa ukingoni mwa bwawa na visikilizio masikioni, akijifunza maneno ya Kijerumani kwa mnong'ono. Kaloyan, wa miaka sita, asiye na meno ya mbele, alishika ndoano kwa bidii ya kutisha. Saa mbili nzima walivua kandambili moja ya mguu wa kushoto. Kisha Kalo akakanyaga tope, mguu ukazama hadi gotini, na alipovutwa ukatoka bila kiatu. Stamen alipiga magoti kukitafuta kiatu kwa mkono kwenye matope ya baridi, huku akisema kwa furaha ya kujilazimisha, "Haya ndiyo maisha, eh? Haya ndiyo maisha!"

"Baba, tuna njaa," alisema Yoana.

Walikula kwenye mgahawa wa nyama choma ulio njia panda. Hapo mezani ndipo kosa lilipofanyika, nami nitalieleza polepole ili lieleweke.

Kalo alikuwa bado amevaa martenitsa yake, ule uzi mwekundu na mweupe uliosokotwa pamoja ambao kila mtoto wa Bulgaria hufungwa mkononi tarehe moja Machi. Hauvuliwi mpaka umwone korongo wa kwanza; ukishamwona, unaufunga kwenye mti uliochanua. Wa Kalo ulikuwa umeshaingia supu, rangi za kuchorea na sabuni ya wiki nne, weupe wake ukawa kama maji ya kuoshea vyombo. Mkono wa Yoana ulikuwa mtupu.

"Wako alikuwa anafanya nini?" Kalo alimuuliza dada yake.

"Nani wangu?"

"Korongo wako!"

"Ah. Alikuwa anaruka. Jumatano, juu ya uwanja wa shule."

"Basi wewe ni wa safari mwaka huu," alisema Stamen. Akaendelea, bila kuulizwa na mtu: "Bibi yangu alikuwa anasema, ukimwona wa kwanza akiruka, mwaka huo utasafiri. Ukimwona amesimama kwenye kiota chake, unabaki nyumbani."

Sasa, maneno hayo hayana mwenyewe. Kila mtu pale huyasema kila mwaka majira ya kuchipua, kama wengine wanavyosema leo joto limezidi, na sijasikia mtu aliyeahirisha safari kwa ajili ya ndege. Lakini Stamen alijua anayasema mbele ya nani. Hilo simsamehe.

Kalo aliweka uma chini.

"Mimi bado sijamwona."

"Bado," alikubali baba yake.

"Kwa hiyo nikimwona amesimama, hatuendi?"

"Baba!" Yoana alivua kisikilizio kimoja, na sauti ilikuwa ya mama yake mtupu.

Jibu lilikuwa fupi. Hapana, mwanangu, hayo ni maneno ya wazee tu. Stamen alilihisi mdomoni. Akachukua kipande cha mkate, akafuta mchuzi kwenye sahani.

"Kula, kinapoa," alisema.

Kuanzia dakika ile, Kaloyan Vachev hakutaka kuiona mbingu. Walipotoka mgahawani alivuta kofia ya koti lake mpaka kidevuni, akanyoosha mkono ashikwe. Stamen alimwongoza hadi kwenye gari, akidhani ni mchezo wa dakika mbili. Haukuwa mchezo. Kwenye bustani ya mjini Kalo alipanda treni ndogo ya watoto na kuzunguka mizunguko mitatu ndani ya giza la kofia, ameshika chuma kwa mikono miwili, akiuliza kila mara, "Tumefika wapi?" Alijigonga kwenye pipa la taka. Alimwomba radhi mbwa.

Mama mmoja aliyeketi karibu alimwonea huruma. "Maskini. Macho yanamsumbua?"

"Hapana," alisema Stamen. "Anakwepa korongo."

"Anawaogopa?"

"Wakiwa wanaruka tu. Wakisimama hana neno."

Yule mama alitabasamu kwa adabu, akamshika mwanawe mkono, wakahamia benchi la mbali. Yoana alikuwa ameficha uso kwa viganja. "Nife tu," alisema. "Nife hapa hapa."

Mahali pekee Kalo alipofunua uso ni kwenye ukumbi wa kurukaruka, kwa sababu una paa. Aliruka hadi jasho likamtoka, nywele zimesimama, akicheka kwa ufizi mtupu. Stamen alimtazama na moyo ukamuuma kweli kweli. Hii ndiyo furaha aliyokuwa akiitafuta tangu asubuhi, na imekuja kwa sababu ya uongo aliouacha ukue. Kumwambia sasa? Acha aruke kidogo. Baada ya hapo, acha ale aiskrimu yake. Baada ya aiskrimu, amechoka, atalia bure. Hivyo ndivyo siku ya Stamen inavyokwisha.

Jioni, watoto wakiwa wanapiga mswaki, alimpigia simu Bibi Zlatka, jirani wa marehemu bibi yake kijijini Topolka.

"Nani? Stamen mjukuu wa Penka? Mwanangu, nilidhani umekufa, hata salamu hakuna!"

"Nipo, bibi. Nilitaka kuuliza, korongo wamerudi?"

"Jitu zima unanipigia simu kuulizia ndege?"

"Ni kwa ajili ya mtoto."

"Amerudi. Dume, tangu Alhamisi. Yuko juu ya nguzo mbele ya duka, anapangapanga vijiti akimngoja mkewe. Afadhali yeye ana wa kumngoja."

Stamen aliumeza mkuki huo. "Anakuwa amesimama?"

"Ulitaka alale chali? Amesimama!"

Alipokata simu, Kalo alikuwa mlangoni, povu la dawa ya meno kidevuni, amesikia yote. "Nifunge kitambaa," alisema. "Kofia inaweza kuteleza."

Jumapili asubuhi walitoka hivyo: Yoana mbele, Kalo nyuma, macho yamefungwa kwa skafu ya sufi, mapajani kipande cha banitsa, mkate wa jibini, bado wa moto, jibini ikimchuruzika vidoleni. Aliimba njia nzima. Stamen aliendesha kwa mwendo wa gari la maiti, na kila kivuli kilichopita juu ya kioo kilimshtua.

Walipovuka daraja la mto Maritsa, akawaona. Hakuwa mmoja. Walikuwa arobaini, labda hamsini, juu ya shamba lililolimwa, wakizunguka taratibu ndani ya hewa ya joto bila kupiga bawa hata moja. Korongo waliotoka huko kusini, bara zima nyuma yao, na wamefika. Stamen aliondoa mguu kwenye kanyagio la mafuta bila kujua. Alitamani kusimamisha gari, ampandishe mwanawe mabegani na kumwambia tazama, tazama, maana jambo kama hilo mtoto hulikumbuka maisha yake yote. Mwanawe alikuwa mita moja nyuma yake, amefungwa macho.

"Kuna nini?" aliuliza Kalo. "Mbona gari limepunguza mwendo?"

Stamen aligeuka kumtazama Yoana.

"Kunguru," alisema Yoana. "Wako barabarani."

"Baba, wapigie honi!"

Stamen aliipigia honi barabara tupu. Yoana aligeuza uso dirishani na kuwafuata kwa macho mpaka shamba lilipokwisha, midomo ameibana.

Topolka walikuta kiota kitupu. Nguzo ipo, vijiti vipo, duka lipo na wanaume wake wawili wenye vikombe vya kahawa, ila mwenye nyumba hayupo.

"Ametoka kwenda kula vyura," alieleza mmoja wao. "Naye Jumapili ana haki yake."

Wakakaa kwenye benchi kungoja. Bibi Zlatka alikuja na mayai ya kuchemsha ndani ya aproni, akasimama mbele ya Kalo.

"Mmemteka nyara mtoto wa nani?"

"Ni mimi, Kalo," ilijibu skafu. "Nisipomwona akiruka hatuendi Ujerumani."

Ilibidi Yoana amweleze mambo yote kwa pumzi moja. Bibi Zlatka alisikiliza huku akimenya yai. Kisha akamtazama Stamen kwa muda mrefu kuliko inavyopendeza kutazamwa.

"Hebu niambie, Stamen. Wewe ni mjinga, au unafanya makusudi?"

Stamen aliangalia viatu vyake. Jibu lilikuwa ni yote mawili, na alilijua.

Ilipita saa moja na nusu. Kalo hakugusa skafu. Alilishwa mayai kama kifaranga, na hata haja ndogo alipelekwa kwa kushikwa mkono nyuma ya duka. Kila baada ya muda aliuliza, "Bado?" na kijiji kizima kikamjibu, "Bado!" maana habari zilikuwa zimeenea na watu walikuwa wamesogea. Stamen aliomba kimoyomoyo korongo asije kabisa, halafu akaomba aje upesi. Hakujua tena anaomba nini.

Korongo alikuja juu ya mapaa ya nyumba. Tena, bila shaka, alikuja akiruka. Korongo atafikaje kwenye kiota kwa miguu?

"Usifungue!" walipiga kelele Stamen na Yoana kwa pamoja, na Yoana akaruka, akamziba mdogo wake macho kwa viganja vyote viwili juu ya skafu. Ndege alipita, akashusha miguu, akatua, akakunja mabawa, akarusha kichwa nyuma na kugonganisha mdomo wake, tatatatata, mlio wa mtu anayevunja vijiti vikavu.

"Ni yeye?" alinong'ona Kalo.

Yoana alimfungua.

Kalo alipepesa macho kwa mwanga. Juu ya nguzo korongo alikuwa ametegemea mguu mmoja, mwingine ameuficha tumboni, hana haraka na mtu.

"Amesimama," alisema Kalo polepole. Kisha akapasuka. "Amesimama! Tunabaki! Baba, tunabaki!" Akamvamia baba yake kiunoni kwa nguvu zilizokaribia kumwangusha Stamen. Wanaume wa dukani walipiga makofi. Bibi Zlatka peke yake hakupiga. Naye Stamen alicheka, akamwinua mwanawe juu, na kwa muda wa kama robo dakika hapakuwa na mtu mwenye furaha kumzidi katika wilaya nzima. Tusimnyang'anye robo dakika hiyo.

Kalo alikimbilia mplamu uliochanua uani kwa Bibi Zlatka kwenda kufunga uzi wake. Yoana alibaki nyuma.

"Baba, mimi nataka kwenda," alisema.

"Najua."

"Hujui. Hujaniuliza." Alikuwa anakaribia kulia na amekasirika kwa ajili hiyo. "Nataka kwenda na naogopa kwenda. Halafu wewe unamfanya Kalo adhani mimi ndiye ninayempeleka, kwa sababu wangu aliruka. Jana usiku kaniambia nimeharibu. Kama unakataa, kataa. Mwambie mama hapana. Kama unakubali, mwambie Kalo. Mimi kunguru wangu wamekwisha."

Stamen alitaka kumkumbatia, lakini alishageuka na kwenda kumwinua mdogo wake afikie tawi.

Safari ya kurudi ilikuwa ya Kalo. Alishusha kioo, akatoa kichwa nje kama mbwa, akawahesabu korongo wote wa mbingu na mashamba mpaka kumi na saba, akiwapungia mkono. "Sasa rukeni mnavyotaka!" aliwaambia. Alipanga mambo pia. Jumamosi ijayo watarudi bwawani kumtafutia kandambili mwenzake wa kulia. Majira ya joto baba atamfundisha kufungua mlango wa lifti iliyokwama. Stamen alisema "ndiyo" mara mbili, na mara ya tatu sauti haikutoka. Hapo, kati ya shamba na shamba, aliona kwamba lile "hapana" alilolibeba tangu Januari halipo tena. Hakulishinda wala halikumshinda. Mtu aliyemfunga mwanawe macho ili abaki naye hana uso wa kulisema mbele ya yeyote.

Saa kumi na moja jioni aliegesha chini ya dirisha la Desislava, ghorofa ya chini. Yoana alichukua mabegi yote mawili bila kuambiwa, akaingia ndani. Stamen aligeuka kwenye kiti.

"Kalo. Kesho naenda kutia saini. Mtaenda na mama."

Mtoto alimtazama. "Lakini alisimama."

"Alisimama, ndiyo."

"Kwa mguu mmoja!"

"Kwa mguu mmoja. Lakini korongo hajui mambo yetu, mwanangu. Ni maneno ya bibi tu. Ilikuwa nikuambie jana mezani. Sikukuambia kwa sababu nilitaka mbaki, na niliogopa."

Tangu azaliwe Stamen hakuwahi kusema mengi kiasi hicho kwa mkupuo mmoja. Ningependa hadithi iishie hapo, maana hapo alikuwa amefanya lililompasa.

Kalo hakulia. Alikunja uso akifikiri, ulimi ukichezea pengo la meno.

"Na wewe wako ulimwona lini? Wa kwanza."

Stamen alikuwa amechoka kudanganya. "Leo. Kule darajani. Wale Yoana aliosema ni kunguru."

"Walikuwa wamesimama?"

"Walikuwa wanaruka. Wengi sana."

"Na hukufungwa macho?"

"Sikufungwa."

Uso wa Kalo ulianza kufunguka. "Mimi nilifungwa, kwa hiyo wangu hahesabiki, ni wizi. Yoana hakufungwa, wake aliruka, anasafiri. Wewe hukufungwa..." Alishika kichwa kwa mikono miwili. "Baba! Kumbe unakuja na sisi!"

Stamen alifungua mdomo. Neno lililotakiwa lilikuwa lile lile, fupi, na alikuwa amelisema hivi punde kwa njia nyingine. Lakini ujasiri aliokuwa nao alishautumia wote, na mlango wa gari ulikuwa umeshabamizwa. Alisikia miguu ikipanda vidato vitatu vya mlangoni, kengele ikipigwa bila kuachiwa, sauti ikipaza ndani ya nyumba, "Mama! Mama! Baba anakuja!"

Alishuka, akasimama kwenye lami, mikono ikining'inia. Dirisha likafunguliwa. Alikuwa Desislava, bado na sare ya hospitali.

"Stamen, umemwambia nini mtoto?"

"Nimemwambia nasaini kesho."

"Na kingine?"

"Sikumwambia kitu kingine," alisema Stamen, na ilikuwa kweli tupu.

Desislava alifumba macho. Chini ya mkono wake kikachomoza kichwa cha Kalo, chekundu kwa kukimbia, kikining'inia nje ya dirisha.

"Baba! Tunapanga sanduku, Yoana anasema hakuna nafasi. Viatu vyako ni namba ngapi?"

Stamen alimtazama Desislava, Desislava akamtazama yeye, na hakuna aliyemsaidia mwenzake.

"Arobaini na nne," alisema.